Somo la Afya: Ukibadilishiwa Dawa ya Presha



Mwezi uliopita, baada ya Misa, akina mama watatu walinijia mmoja mmoja, kila mmoja akinivuta pembeni kana kwamba ana siri kubwa. Walikuja na maneno mbalimbali, lakini swali lilikuwa lile lile: "Mwalimu, nimebadilishiwa dawa ya presha, na tangu hapo sijisikii vizuri. Je, niiache?" Niliwajibu nilivyoweza pale mlangoni. Nilipofika nyumbani nikaona yafaa jambo hili liandikwe kwa utaratibu, maana ikiwa watatu wameuliza, wako wengi ambao hawakuuliza.

Mimi si mganga. Nilisoma chuo cha ualimu, nikafundisha shule za msingi kwa miaka 38, na nikastaafu mwaka 2019 nikiwa na miaka 60. Lakini dawa za presha nimezimeza tangu mwaka huo wa kustaafu, za namna nne, na zote zimenifundisha kitu. Katikati nilifanya kosa ambalo nusura linitoe uhai. Nitalieleza mbele kidogo, nanyi mtanisamehe.

Tuanze na jambo linalosahauliwa. Presha yenyewe haiumi, na hapo ndipo penye taabu. Mtu wa malaria hutetemeka, humeza dawa, hupata nafuu, huisifu dawa. Mtu wa presha hujisikia mzima kabisa. Humeza dawa, na kesho yake kichwa kinamgonga, au miguu inamvimba, au anaamka mara nne usiku kwenda msalani. Kwa macho yake, dawa ndiyo ugonjwa. Huwezi kumlaumu mtu anayefikiri hivyo. Lakini wakati yeye anajisikia mzima, damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi mchana na usiku. Moyo unatanuka, figo zinachakaa, na siku moja mshipa wa kichwani unaziba au unapasuka. Ndicho kiharusi.

Mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye sitamtaja, alibadilishiwa dawa, akachukizwa nayo, akaiacha bila kumwambia mtu hata mkewe. Alikaa miezi kadhaa akiwa na nguvu zake, akilima, akituambia kwamba vidonge ni biashara ya watu. Leo mkono wake wa kuume hauinuki, na binti yake amefunga genge lake sokoni ili apate kumlisha. Simtaji ili kumwaibisha. Namtaja kwa sababu dawa aliyoichukia ingeweza kubadilishwa kwa nyingine katika muda wa dakika kumi, kama angalisema.

KWA NINI DAWA HUBADILISHWA

Sababu ni nyingi, na si zote zinamaanisha kwamba hali yako imekuwa mbaya. Pengine dawa ya kwanza haikushusha presha ya kutosha. Pengine imekuletea maudhi. Pengine umepata ugonjwa mwingine, kama kisukari au pumu, na dawa ya zamani haifai pamoja nao. Mama kijana anaweza kubadilishiwa kwa sababu anatarajia kuchukua mimba. Tena kuna sababu ya kawaida kabisa, kwamba dawa yako imekwisha katika zahanati na umepewa iliyopo. Uliza sababu. Ukiuliza kwa adabu hakuna atakayekukasirikia, na ukijua sababu utavumilia vizuri zaidi.

Neno moja juu ya majina. Katika somo hili nayaandika majina ya dawa kama tunavyoyatamka: amlodipini, losatani, enalaprili. Kwenye pakiti utayakuta kwa maandishi ya Kiingereza, mengi yakiwa hayana ile i ya mwisho. Msishangae. Pia jina kubwa la rangi kwenye pakiti mara nyingi ni jina la kiwanda. Jina la dawa yenyewe huwa limeandikwa chini yake kwa herufi ndogo. Ukipewa kidonge cheupe mahali pa kile cha manjano, yawezekana dawa ni ile ile na ni kiwanda tu kilichobadilika. Hilo nalo ni la kuuliza kabla ya kuanza kujisikia mgonjwa.

VIDONGE VYA MAJI

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa bendrofluazaidi. Nilipopimwa mara ya kwanza nilikuwa na 168 juu ya 102. (Namba ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unapobana, ya pili ni moyo unapolegea. Kwa kawaida mganga huanza kusema habari za presha ikiwa imefika 140 juu ya 90, tena baada ya kupima zaidi ya mara moja.) Dawa za namna hii, pamoja na haidroklorothiazaidi, huzifanya figo zitoe chumvi na maji. Basi mimi, kwa ujinga wangu, niliimeza kila usiku kabla ya kulala. Mnaweza kukisia mengine. Choo chetu ki nje ya nyumba, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza.

Muuguzi alicheka aliposikia. "Mwalimu, hiki ni kidonge cha asubuhi." Nikahamishia asubuhi, usingizi ukarudi. Kwa hiyo kabla hujamlaumu kidonge, uliza saa ya kukimeza.

Dawa hizi pia hupunguza potasiamu mwilini, na mtu akaona misuli ya miguu inakaza usiku au mwili umelegea. Zinaweza kuamsha jongo, yale maumivu makali ya kidole gumba cha mguu, na kupandisha sukari kidogo. Kwa wazee wenzangu, wakati mwingine hushusha sodiamu, na mzee akaanza kuchanganyikiwa maneno. Watoto hudhani ni uzee tu. Mzee akianza kupoteza maneno wiki chache baada ya kuanza kidonge cha maji, apelekwe akapimwe damu.

KIKOHOZI

Miezi minne baadaye presha yangu ilikuwa 156 juu ya 96. Haikutosha. Mwezi Januari mwaka 2020 nikaandikiwa enalaprili badala yake. Ilikuwa dawa tulivu, nami nikaisifu kwa kila mtu. Mwishoni mwa Februari nikaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kama mtu aliye na unyoya kooni. Hakuna makohozi, hakuna homa, ila mwasho tu, na usiku kilizidi. Ikaja Machi, na ugonjwa wa korona ukaingia nchini mwetu. Fikirini ninyi wenyewe: mwanamke wa zaidi ya miaka 60, anakohoa kanisani, Machi mwaka 2020. Benchi langu lilianza kuwa na nafasi. Nilipokwenda kupokea kikombe, niliona watu wakinitanguliza makusudi au wakingoja hata nimalize mbali, na Jumapili moja mama aliyekuwa nyuma yangu alipokea mkate akarudi bila kunywa. Sikumlaumu. Mimi pia ningeogopa. Baada ya hapo nilikaa nyumbani Jumapili sita.

Nilipimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, hayakuwa na kitu. Nikapewa dawa ya kuua vijidudu, nikamaliza, nikakohoa. Nikanywa dawa ya maji ya kikohozi chupa tatu, na asali, na tangawizi, na malimau ya jirani. Hakuna aliyeniuliza ninameza nini kwa ajili ya presha, na mimi sikusema, maana niliona presha na kifua ni mambo mawili. Mwisho tabibu mmoja kijana, mwenye umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, alinisalimu shikamoo, akasikiliza kifua changu, akauliza, "Mama, dawa ya presha unatumia ipi?" Nikamtajia. Akaweka kalamu chini. "Basi, ndiyo hiyo."

Mambo yenyewe ni haya. Mwilini mna kimeng'enya kimoja chenye kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutengeneza kemikali inayobana mishipa ya damu, iitwayo angiotensini. Kazi ya pili ni kuvunjavunja kemikali nyingine iitwayo bradikinini. Enalaprili na ndugu zake, kaptoprili na lisinoprili, humfunga mikono huyo kimeng'enya. Mishipa inalegea, presha inashuka, vema. Lakini bradikinini nayo inabaki bila mvunjaji, inajaa njiani mwa pumzi, na kuwasha. Katika watu 100 wanaotumia dawa hizi, 5 hadi 20 hivi hupata kikohozi hicho, na wanawake hukipata zaidi kuliko wanaume. Kinaweza kuanza siku ile ile, au baada ya majuma, au hata miezi, ndiyo maana watu hawakiunganishi na kidonge. Hakiui, wala hakiambukizi.

Habari hizi, kwa wanaopenda historia kama mimi, zilianza kwa nyoka. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Brazili, Sérgio Ferreira, aliona kwamba sumu ya nyoka wa huko aitwaye jararaca inazidisha nguvu ya bradikinini. Uchunguzi huo ukaongoza wataalamu wengine hata wakatengeneza kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Mtu asiende akasema Mwalimu ameandika kwamba tunameza sumu ya nyoka. Kidonge hutengenezwa kiwandani. Nyoka aliwaonyesha njia tu.

Kwa mtu wa kikohozi iko dawa nyingine, losatani na wenzake, iliyoanza kutumika mwaka 1995. Yenyewe haimgusi kimeng'enya. Huifunga angiotensini mlango mbele zaidi, na bradikinini inaendelea kuvunjwa kama kawaida. Lakini usitegemee kikohozi kikome kesho yake. Kwa kawaida huisha kati ya juma moja na manne baada ya kuacha dawa ile, na kwa wengine hukawia hata miezi mitatu. Changu kilichukua majuma matatu. Siku niliyorudi kanisani, yule mama alikaa karibu nami.

Hapa naongeza onyo ambalo si la kusubiri. Dawa za kundi la enalaprili, mara chache, huvimbisha midomo, ulimi, uso au koo. Kwetu watu weusi jambo hilo hutokea zaidi kuliko kwa wengine, na linaweza kutokea hata baada ya kuzitumia muda mrefu bila shida. Ukiona mdomo umevimba ghafla, usimeze kidonge kingine, usilale uone kesho itakuwaje; nenda hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Na aliyewahi kupatwa hivyo asirudie tena kundi hilo maisha yake yote. Aandike kwenye jalada la daftari lake la hospitali kwa wino mwekundu.

MIGUU

Mnadhani nilipewa losatani moja kwa moja? Haikuwapo siku ile. Nilipewa amlodipini ya miligramu 10, nayo ni dawa nzuri sana kwa watu wetu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa 728 katika nchi 6 za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, na ilionekana kwamba dawa mbili zikitumika pamoja, zile jozi zenye amlodipini ndani yake zilishusha presha vizuri kuliko jozi isiyokuwa nayo. Basi tabibu hakukosea kuichagua.

Siku za kwanza niliona uso unawaka moto na kichwa kinagonga kidogo, yakapita. Katika mwezi wa pili viatu vyangu vya Jumapili vikakataa kuingia. Jioni vifundo vya miguu vilikuwa kama mikate ya sinia, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo.

Sababu yake niliijua baadaye. Amlodipini hulegeza mishipa midogo inayoleta damu, lakini haigusi sana mishipa inayoirudisha. Fikiri jaruba la mpunga: umepanua mlango wa kuingizia maji, na mlango wa kutolea umeuacha ulivyo. Maji hayana budi kupenya ukingoni. Huo si ugonjwa wa moyo wala wa figo. Tena ndiyo sababu kidonge cha maji hakisaidii sana uvimbe wa namna hii, ingawa watu wengi hupewa au hujinunulia. Shida si kwamba maji yamezidi mwilini, bali yamevujia mahali pasipo pake. Linalosaidia ni kupunguza kipimo, kwa kuwa miligramu 10 huvimbisha zaidi kuliko 5, au kuongeza dawa ya kundi la losatani au enalaprili, ambayo hufungua ule mlango wa kutolea.

Lakini uvimbe mwingine si wa dawa. Ukivimba huku unahema ukitembea au ukilala chali, au ukivimba mguu mmoja tu nao unauma, usiseme "Mwalimu aliandika ni amlodipini." Nenda ukaonwe.

KOSA LANGU

Yote hayo niliyajua baadaye, kama nilivyosema. Wakati ule nilitazama miguu yangu, nikakumbuka kikohozi, nikachoka. Nikaacha vidonge. Kila asubuhi nilitoa kimoja kwenye pakiti nikakitia katika kopo la maziwa juu ya kabati, ili binti yangu akihesabu aone vimepungua. Miaka 38 nimewaadhibu watoto kwa kunakili majibu, na mimi nikafanya hivyo nikiwa bibi.

Siku ya kliniki ilipofika nilikuwa 190 juu ya 112. Muuguzi akaniuliza kama nameza dawa. Nikamwonyesha pakiti tupu. Akaandika, akampelekea tabibu, naye akafanya ambalo kila tabibu angefanya: aliona dawa imeshindwa, akaniachia ile amlodipini 10 na kuniongezea nyingine mbili, losatani na kidonge cha maji.

Namba ile ilikuwa imenitisha. Nikarudi nyumbani nikavimeza vyote vitatu kama vilivyoandikwa, siku tatu mfululizo, mwili ambao kwa miezi miwili haukuwa na dawa hata moja. Alfajiri ya siku ya nne nikainuka haraka kitandani kwenda msalani. Nakumbuka kushika mlango. Binti yangu alinikuta chini, damu imejaa usoni, nyushi imepasuka kwenye ukingo wa saruji. Nilishonwa nyuzi 7. Tabibu alipopima akakuta 92 juu ya 58, akashangaa, akauliza tena. Hapo ndipo nilipomwambia binti yangu akalete lile kopo.

Kijana yule hakunigombeza. Alihesabu vidonge, vilikuwa 58, akasema, "Mama, nilikuwa nawatibu watu wawili, na mmoja hakuwapo." Kisha akaanza upya: amlodipini ya miligramu 5, na majuma mawili baadaye akaongeza losatani ya miligramu 50. Miguu ilipungua, haikwisha kabisa, viatu vinaingia. Presha yangu ya mwezi uliopita ilikuwa 134 juu ya 82.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa umeacha dawa, sema umeacha. Useme hata kama umesema uongo mara tatu zilizopita. Anayekuandikia dawa anahesabu kwa namba unazompa. Ukimpa namba ya uongo, jibu lake litakuwa la uongo, na wewe ndiwe utakayelimeza.

MAJUMA YA KWANZA YA DAWA MPYA

Chukua daftari, la kurasa 40 linatosha. Andika tarehe uliyoanza dawa mpya, jina lake na kipimo chake. Kisha kila unapoona jambo geni mwilini, liandike na saa yake. Utashangaa ni mangapi huondoka yenyewe. Mtu aliyezoea presha ya juu miaka mingi, ikishuka huona mwili mzito na kichwa chepesi kwa majuma machache, hata mwili uzoee. Dawa nyingi hazifikii nguvu zake kamili mpaka majuma mawili hadi manne, kwa hiyo namba za juma la kwanza zisikutie hofu wala furaha. Amlodipini nayo huondoka polepole. Ukiibadilisha leo, bado imo mwilini siku kadhaa, na miguu haitapungua kesho.

Unapoamka, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu hata 30, kisha simama umeshika kitu. Hili nalijua kwa nyushi yangu.

Ukipima presha, keti kimya dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono mezani usawa wa moyo. Usiwe umetoka kunywa kahawa au kupanda kilima, wala usiwe na haja ya kwenda msalani. Wengi wanaopimwa na kuambiwa 160 walikuwa wametembea nusu saa juani na kusukumana kwenye foleni.

Yako mambo yanayopandisha presha tukadhani dawa mpya ni dhaifu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo sisi wenye magoti humeza kama karanga, hupandisha presha, na zikiungana na kidonge cha maji na dawa kama losatani huweza kuharibu figo. Mwambie anayekutibu. Ng'onda nao, pamoja na utamu wake wote, ni chumvi tupu. Na kwa sisi tunaolima matunda: balungi na nifedipini hazipatani, maana tunda lile hulifanya dawa iwe nyingi mno katika damu. Machungwa yetu ya kawaida hayana neno.

Dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama propranololi na atenololi, haziachwi ghafla hata kama zimekuchosha na kukupoza mikono. Zikikatwa ghafla, moyo hukimbia na presha huruka, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata madhara makubwa. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maagizo. Wenye pumu wataje pumu yao kabla ya kupokea dawa hizo, maana zinaweza kuwabana kifua.

Akina mama vijana: enalaprili, lisinoprili, kaptoprili, losatani, zote hizi humdhuru mtoto tumboni. Ukiona siku zako zimepita, usingoje tarehe ya kliniki, nenda ubadilishiwe. Iko methaildopa, ambayo imetumika kwa wajawazito kwa miaka mingi. Huletea usingizi, lakini mtoto yu salama.

Na akina baba. Najua mnasoma ukurasa huu mkijifanya mnatafuta matangazo. Baadhi ya dawa, hasa vidonge vya maji na zile za kupunguza kasi ya moyo, huweza kupunguza nguvu za kiume kwa watu wengine. Presha yenyewe nayo hufanya hivyo. Hiyo ndiyo sababu mojawapo inayowafanya wanaume waache dawa kimya kimya, na wake zao wasijue la kufikiri. Matabibu wamelisikia neno hili mara nyingi mno, halitawashtua, na dawa nyingine zipo. Ukiona haya kusema, liandike kwenye kile kidaftari umpe akisome.

Jambo la mwisho ni lile kopo. Ukibadilishiwa dawa, vile vya zamani vifanyweje? Watu wengi huvihifadhi, maana ni fedha. Kisha siku moja giza limeingia, au mjukuu ametumwa, vinamezwa vyote pamoja. Enalaprili na losatani zikiunganishwa hupandisha potasiamu na kuzielemea figo. Virudishe zahanati au kwenye duka la dawa.

Kazi ya nyumbani ni hiyo basi: leo jioni kila mwenye presha atoe dawa zake zote zilizomo ndani, azipange mezani, asome majina, azilinganishe na karatasi ya mwisho aliyoandikiwa. Asiyeona herufi ndogo amwite mjukuu wa darasa la tano. Ambazo hazimo katika karatasi azifunge katika mfuko, aende nazo siku ya kliniki.

Wale akina mama watatu nilioanza nao, wawili wamekwisha kwenda. Mmoja kikohozi chake kilikuwa cha lisinoprili, amebadilishiwa. Wa pili alikuwa anameza kidonge cha maji usiku, kama mimi. Wa tatu hajaenda. Anasema ana makopo mawili na hajui lipi ni la zamani. Nitampitia Jumatano asubuhi, twende pamoja.